Kimya, Nakuja

Mimi ni karani wa kliniki ya wajawazito, na nikiri mapema kwamba Kengele sikumpenda siku ya kwanza. Sista mkuu alimleta mlangoni akasema, "Huyu atakaa na wewe hapa masjala," utadhani masjala ni uwanja wa mpira. Chumba chenyewe ni hatua nne kwa tatu. Kuna makabati mawili ya mafaili, meza moja yenye mguu uliofungwa waya, na dirisha linalofunguka nusu kwa sababu nusu nyingine imezibwa na kabati. Mtu wa pili akiingia, wa kwanza lazima avute tumbo ndani. Halafu nimpokee mgeni aliyekuja na beseni.

Beseni si utani. Kengele alikuwa dobi. Alfajiri alifua nguo za nyumba mbili, kisha akaja kliniki moja kwa moja na beseni lake kichwani, vidole vyeupe na vimekunjamana kwa maji. Alilisukuma chini ya meza yangu, akaketi kwenye kigoda, akatoa simu ya vitufe iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke, na daftari la shule lenye kona zilizojikunja. Ofisi yake nzima ilikuwa hiyo. Nikamuuliza kama na kamba ya kuanikia ataleta. Akanijibu, "Nikikosa pa kuifunga nitaifunga shingoni kwako." Hapo nikajua tutaelewana au tutauana.

Kazi yake kwetu ilikuwa ya mama mshauri. Hao ni wanawake wenye virusi vya UKIMWI waliozaa watoto wasio na virusi, na wanawashika mkono wenzao wapite njia ileile. Mama ameze dawa zake kila siku bila kuruka, ajifungulie mikononi mwa wakunga, mtoto apewe dawa ya maji tangu saa zake za kwanza duniani, kisha apimwe akifikisha wiki sita. Ukilitamka haraka ni jambo jepesi. Kulitenda, miezi na miezi, katika nyumba ambayo hujamwambia mtu, ni shughuli pevu.

Yeye mwenyewe mtoto wake wa kwanza alimzika akiwa na miezi minane. Wakati ule hakujua kama ana virusi, na hakuna aliyemwambia kwamba ipo dawa. Wa pili yuko darasa la tano, mzima kabisa, na ana mdomo kuliko mama yake. Kengele alinisimulia habari hizo mara moja tu, huku anachonga penseli. Nilipoanza kutokwa machozi akaniambia niyafute, mafaili yatalowa.

Jina la Kengele alipewa na wanawake wenyewe, kwa kuwa alikuwa hamwachi mtu asahau. Wengi wao hawakuwa na salio la kupiga simu, kwa hiyo aliwafundisha kubip: unapiga, simu ikilia mara moja unakata, hailipiwi hata senti. Kila mmoja alikuwa na saa yake ya kumeza dawa, na akishameza anabip. Sheria aliiandika kwenye jalada la daftari kwa herufi kubwa, na kila mwanamke mpya alilazimishwa kuisema kwa moyo kabla hajatoka chumbani: bip moja, nimemeza. Bip mbili, nina shida, nipigie. Kimya, nakuja.

Nilicheka. Nikasema meseji haijawahi kutibu mtu, seuze bip. Akasema, "Sijasema inatibu. Inamgusa mtu bega tu, ajue hayuko peke yake. Kumeza anameza mwenyewe." Tangu hapo kila asubuhi ile simu yenye mpira ilikuwa inakohoa juu ya meza yangu, koh, koh, na yeye anaweka alama daftarini. Wanawake arobaini na mmoja. Baada ya mwezi nikajikuta nikisikia bip natazama saa ukutani, na mmoja akichelewa dakika kumi nashindwa kuandika.

Waliotaka meseji ya maneno aliwaandikia, kila mtu kwa namna aliyoitaka mwenyewe. Kuna aliyetaka dua, kuna aliyetaka vichekesho, na mmoja, mwalimu, alitaka agombezwe. Lakini zilikuwepo kurasa sita zilizoandikwa kwa kalamu nyekundu. Hao ni wale wanaotumia simu isiyo yao, ya mume, ya dada, ya mwenye nyumba. Juu ya kila ukurasa wa namna hiyo Kengele aliandika: USIMWANDIKIE NENO. Hao kazi yao kubip, na kazi yetu kunyamaza.

Fundi alikuwa kwenye ukurasa mwekundu. Msichana wa miaka ishirini na mbili, mshonaji, mimba ya kwanza, mnyamavu kiasi kwamba ukimuuliza hali anakujibu kwa nyusi. Yeye na mumewe walipimwa pamoja wakakutwa na virusi wote wawili. Mume akaenda kufanya kazi kwenye machimbo ya kokoto, mbali, akawa anapiga simu kwa mama yake mzazi, maana simu ya Fundi ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ikafa. Kwa hiyo kila siku saa moja asubuhi Fundi aliazima simu ya mama mkwe, akasema anambip mteja wake wa magauni. Mteja huyo ndiye Kengele. Na kweli alikuwa amemshonea aproni ya kazi, ile ya kijani yenye mfuko mkubwa. Mama mkwe hakujua lolote, au sisi ndivyo tulivyoamini. Fundi aliapa kwamba siku atakayojua, hapo nyumbani hapatakalika.

Basi, wakaja watu wa mradi. Walikuwa vijana wema, sina ugomvi nao, walikuja na kompyuta inayotuma meseji yenyewe kwa wajawazito wote kwa mpigo, kila Jumanne saa nne asubuhi. Walitaka mtu wa kuingiza namba. Nikajitokeza mimi, mbio mbio. Kengele alikuwa anatoka kwenda kufua, akasimama mlangoni akaniambia, "Karani, kurasa nyekundu usiziguse." Nikamjibu ndiyo, ndiyo, nenda.

Sikuwa nimelewa wala sikuwa nimelala. Nilizigusa kwa sababu kompyuta ilikuwa inahesabu: namba thelathini na tano kati ya arobaini na moja, na pembeni kuna mstari wa kijani ambao haukutaka kujaa. Yule kijana wa mradi alikuwa amesema kliniki itakayomaliza kwanza itatajwa kwenye mkutano. Nikatamani kutajwa. Nikasema moyoni, meseji moja ya wizara itamdhuru nani? Nikaingiza zile sita, mstari ukajaa, nikapigiwa makofi. Watu husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa vyote viwili, kidole ndicho kilichobonyeza.

Meseji yenyewe ilisema hivi: "Ndugu mama mjamzito, kumbuka kumeza ARV zako kila siku ili kumkinga mtoto wako na VVU."

Jumatano saa moja asubuhi simu ya Kengele haikukohoa. Saa moja na nusu kimya. Saa mbili akapiga yeye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kurasa nyekundu, akaambiwa namba haipatikani. Akafunua daftari, akanitazama, akatazama kompyuta mpya iliyofunikwa kitambaa kama mwali. "Uliziingiza," akasema. Nilitaka kusema uongo, na uongo ulikuwa tayari mdomoni, lakini ulikataa kutoka. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilingoja matusi. Mimi ningekuwa yeye ningetukana mpaka ukuta ubanduke rangi. Kengele alifunga daftari, akaniuliza, "Mimba ina wiki ngapi?" Nikavuta faili. Wiki thelathini na saba. Aliwatafuta mmoja mmoja wale watano wengine kwa njia alizozijua mwenyewe, wakapatikana, mmoja alikuwa ameiwahi meseji akaifuta, wengine simu zilikuwa kwa watu wasiojua kusoma au wasiojali. Fundi peke yake ndiye hakupatikana. "Sheria inasemaje?" akaniuliza. Nikasoma kwenye jalada. Kimya, nakuja.

Kwenda wapi sasa? Faili lilisema anakaa nyumba ya bluu nyuma ya kisima. Kengele alikwenda mchana huohuo. Kisima hakipo, wala hakijawahi kuwepo, na nyumba ya bluu iliyopo ni ya kuuza saruji. Wanawake wengi hutupatia anwani za uongo siku ya kwanza, wakiogopa asije mtu na gari lenye maandishi mlangoni. Nikiandika najua, na wao wanajua kwamba najua. Tunaandika hivyo hivyo. Aliporudi kliniki, mama mmoja wa kwenye foleni aliyetusikia akatoa msemo wake, mficha maradhi kifo humuumbua. Kengele akamgeukia. "Wanaoupenda msemo huo," akasema, "hawajawahi kuwa na cha kuficha." Yule mama akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

Tulichokuwa nacho ni hiki: Fundi alikuja kliniki kwa miguu, na viatu vyake vilikuwa na unga unga mweupe, kwa maana anapita karibu na mashine ya kusaga. Mashine zipo mbili upande ule. Alhamisi na Ijumaa Kengele alizizunguka zote mbili, akiuliza mshonaji mwenye mimba. Washonaji ni wengi kama nzi, nusu yao wajawazito, na hakuweza kuuliza zaidi ya hapo bila kumwanika mtu. Jioni ya Ijumaa alirudi amevimba miguu, akaketi kwenye kigoda, akavua aproni ya kijani kuikung'uta. Akaishika pindo. Akaigeuza, akaisogeza dirishani kwenye mwanga.

"Karani," akasema, "njoo uone."

Niliona pindo. Yeye alikuwa anaona mengine. Cherehani ya Fundi ilikuwa na kasoro, ikifika mwisho wa mshono inaruka. Kwa hiyo Fundi humalizia kwa mkono, mishono mitatu ya kurudi nyuma na fundo dogo, kwa uzi wowote ulio karibu. Kwenye aproni ya kijani alimalizia kwa uzi wa zambarau. "Nimefua nguo za watu miaka kumi na minne," Kengele akasema, "sijawahi kuona mtu mwingine anayefunga hivi. Kesho ni Jumamosi. Kesho kila nyumba itakuwa na kamba imejaa."

Kwa hiyo Jumamosi, wanawake wawili wazima, mmoja dobi na mmoja karani wa serikali, tulikwenda kukagua nguo za watu kwenye kamba. Nilimwomba Mungu nisionwe na mtu ninayemfahamu, nikaonwa na watatu. Kengele alibeba beseni kichwani, akibisha hodi kila ua kuulizia kazi ya kufua, na huku mwenye nyumba anajibu, mkono wa Kengele unapita kwenye mapindo kwa haraka ya mtu anayehesabu maharagwe. Sketi, suruali, shuka, hapana. Ua wa pili, hapana. Tulifukuzwa mara mbili, mara moja kwa ufagio. Nikamwambia tupumzike. "Pumzika wewe," akasema. "Mtoto aliye tumboni hajui kupumzika, anakuja tu."

Ua wa kumi na tisa, sketi tatu za shule, fundo dogo, uzi wa njano. Roho ikaniruka. Kengele akasema kwa utulivu wa kutisha, "Sketi nzuri hizi, zimeshonwa wapi?" Mwenye nyumba akanyoosha kidole: nyumba ya tatu, yenye mlango wa bati, lakini siku hizi yule mshonaji hayupo.

Uani kwa mlango wa bati alikaa mama mmoja mnene, mama mkwe mwenyewe, miwani puani, anachambua maharagwe kwenye ungo. Tukamwamkia, akaitikia, akatukaribisha mkekani. Kengele akasema alimpa mshonaji wake kitambaa, amekuja kuulizia gauni.

"Gauni la namna gani?" mama mkwe akauliza.

"La kazi, mama. Kama hii aproni."

"Na huyu mwenzako mbona anatoka jasho kama mwizi wa kuku?"

Nikajifuta. Nikasema jua kali. Lilikuwa nyuma ya wingu.

Mama mkwe aliweka ungo chini. "Mkwe wangu aliondoka Jumanne," akasema. "Aliacha ujumbe kwa jirani kwamba anakwenda kungojea uchungu kwa mama yake mdogo. Ameondoka na kanga moja na laini ya simu yangu. Nimemkosea nini mimi? Mtu anakaa kwangu mwaka mzima, simwiti kwa sauti kubwa, halafu ananikimbia." Akanyanyuka kwa shida, akaingia ndani. Tukasikia droo ya cherehani inavutwa. Aliporudi alishika kichupa cheupe kilichobanduliwa karatasi, kimefungwa kwenye kitambaa. Akakiweka kwenye mkeka katikati yetu. Vidonge vikalia ndani.

"Na hiki kakisahau, nimekiona leo asubuhi," akasema.

Kengele hakukigusa. "Mama," akasema, "mimi ni mteja wa magauni tu."

"Najua. Mteja anayebipiwa kila siku saa moja asubuhi, Jumapili na sikukuu." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya nguo yake. "Ile meseji niliisoma mimi kwanza. Lakini haikuniambia jipya. Mwanangu kabla hajaenda machimboni alikuwa anamezea vidonge vyake chooni. Chooni, kwenye nyumba aliyozaliwa. Nikanyamaza, nikidhani ninawasitiri. Jumanne nilipoisoma nikairudisha simu pale pale, nikaenda kuoga, nikaoga sana, ili mkwe wangu aione aifute asijue kama nimejua. Nilipotoka, mtu hayupo."

Nilitamani ardhi inimeze, maana ningeweza kumwambia kwamba meseji ile ina mwenyewe na mwenyewe ndiye huyu anayetoka jasho. Nikamwambia. Sikupamba. Mama mkwe akasema, "Una bahati nina haraka." Akajifunga kitambaa kichwani, akachukua kile kichupa akakitia kifuani. "Haya, mteja. Twende ukachukue gauni lako."

Pikipiki mbili, mwendo wa karibu saa nzima. Mama mdogo wa Fundi anauza mkaa, alitupokea mlangoni mikono myeusi, akataka kutuzuia. Ndani, Fundi alikuwa ameketi kwenye kitanda amekumbatia tumbo. Alipomwona mama mkwe alisimama kama amechomwa, akarudi nyuma mpaka ukutani. Alipotuona sisi, uso ukabadilika ukawa mgumu. "Mliniuza," akasema. Ndilo neno kali zaidi nililowahi kulisikia kutoka kwake.

"Ni mimi," nikasema. "Kengele alinikataza. Niliingiza namba yako nipate sifa. Naomba radhi."

"Sikusamehe leo," Fundi akasema.

"Sawa."

"Hata kesho sijui."

"Sawa."

Kengele alikuwa hana muda na mambo yetu. Alimkalisha Fundi, akaketi mbele yake, magoti kwa magoti. "Umekosa siku ngapi?"

Fundi akahesabu kwa vidole, machozi yanadondoka. "Jumatano. Alhamisi. Jana. Na leo. Nne, dada. Nimemuua mwanangu."

"Hujamuua mtu. Umekosa tatu. Ya leo hujaikosa, jua bado lipo." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mama mkwe akatoa kichupa kifuani, akakifungua yeye mwenyewe, akamtilia mkwewe kidonge kimoja kiganjani. Kisha akajaza kikombe maji kwenye mtungi, akakishika mdomoni mwa Fundi kama anamnywesha mgonjwa.

"Meza, mwanangu," akasema. "Na kuanzia leo usimezee uchochoroni. Mezea mezani."

Fundi akameza. Akalia, mama mkwe naye akalia, mama mdogo akalia bila kujua kwa nini, akajipaka mkaa uso mzima. Mimi nililia pia, sina haja ya kuficha. Kengele alitoa daftari kwenye beseni, akaandika saa.

Jumatatu sista mkuu alimpima, akachukua damu kuangalia virusi vimepanda kiasi gani, akatueleza wazi: siku tatu si mchezo, mwishoni mwa mimba hasa, kwa hiyo mtoto akizaliwa atapewa dawa mbili za maji badala ya moja, na kwa muda mrefu zaidi. Hakutuahidi kitu. Siku hiyohiyo nilikwenda kwa watu wa mradi, nikawaambia niliwadanganya, ule mstari wao wa kijani ni wa uongo, wauondoe. Nilidhani watanifukuza. Walitoa namba zote, wakakaa na Kengele siku mbili, naye akawasomea daftari ukurasa kwa ukurasa. Kompyuta sasa inamwandikia aliyeomba kuandikiwa, kwa maneno aliyoyachagua. Kurasa nyekundu haizijui. Kwenye mkutano hatukutajwa.

Siku tisa baadaye Fundi alijifungua kwetu, mtoto wa kike, kilo tatu kasoro kidogo, sauti ya mnadani. Dawa za maji alianza kabla jua halijazama. Mama mkwe alijifunza kuvuta dawa kwenye bomba dogo lisilo na sindano, akitazama mistari kwa miwani yake, na akawa mkali wa saa kuliko Kengele. Bip za saa moja asubuhi zikarudi. Siku moja zilikuja bip mbili, Kengele akapiga mbio mbio, kumbe mama mkwe anauliza kama mtoto akipiga chafya dawa inatoka.

Wiki ya sita wakaja, mtoto akatobolewa kisigino, matone ya damu yakawekwa kwenye karatasi maalumu, yakaanikwa yakauke, yakapelekwa maabara kubwa. Kisha tukangoja. Wanaosema subira huvuta heri hawajawahi kungoja karatasi ile. Kila bahasha ilipofika nilikuwa naipapasa kwanza kabla ya kuifungua, utadhani vidole vinaweza kusoma.

Ilifika Alhamisi, saa tano. Sista mkuu aliisoma, akaipiga muhuri, akaileta masjala, akaiweka kati yangu na Kengele, akatoka. Tukaisoma wote wawili. Kengele akaweka kiganja kimoja juu ya karatasi, akakiacha pale. Alitazama dirisha, ile nusu inayofunguka. Najua alikuwa anamfikiria nani. Mtoto yule angekuwa na miaka kumi na sita.

Makubaliano yalikuwa kwamba majibu yakitoka, tutabip mara moja kwenye simu ya mama mkwe, na Fundi ataelewa aje kuyachukua. Kengele alisukuma simu yenye mpira upande wangu. "Kidole kilichobonyeza siku ile," akasema, "kibonyeze na leo."

Nikabip, nikakata. Kabla sijaiweka chini, ikalia. Haikukohoa. Ilipigwa kabisa, ikaendelea kulia.

"Nani anabip?" Ilikuwa sauti ya mama mkwe. "Hapa nyumbani hatubip tena, nimeweka salio. Semeni."

Nikamtazama Kengele. Akatikisa kichwa: bado. Safari hii nilielewa bila kuambiwa. "Mama, shikamoo," nikasema, "naomba mwenyewe kwanza."

Kukawa na minong'ono, mtoto akilalamika, kisha pumzi ya Fundi. "Karani. Nipo."

"Majibu yametoka. Uje uyachukue mwenyewe, au nikwambie? Na kama nikwambie, mama asikie au asisikie?"

Alikaa kimya. Nikaona mkono wa Kengele unaelekea kwenye beseni, mazoea tu, mtu anayejiandaa kwenda.

"Nimeweka sauti kubwa," Fundi akasema. "Tunasikia wote. Sema."

"Hana," nikasema. "Mtoto hana virusi."

Sikusikia shangwe. Nilisikia kitu kinaanguka, nadhani ni ungo, maharagwe yanatawanyika sakafuni, na mama mkwe anasema kwa sauti ndogo, "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena, mwanangu." Nikarudia mara tano, mpaka salio lao likaisha.

Kengele alikuwa ameshafunua ukurasa wa Fundi. Wino mwekundu hakuukata, ila pembeni yake aliandika kwa wino wa bluu: mezani. Kisha akanikumbusha kwamba mtoto bado ananyonya, bado kuna kipimo kingine mbele, na kingine, mpaka aachishwe ziwa, na mama yake anameza maisha yote, kwa hiyo nisijifanye nimemaliza kitu. Nikamwambia najua. Akachukua beseni lake, alikuwa na nguo za kuanua.

Kesho yake nilifika mapema. Kengele alikuwa ameniachia simu kwa makusudi, na daftari limefunuliwa. Saa moja kamili ikakohoa mara moja. Nikaweka alama.